Upepo Usio na Feni

4 Machi

Binti yangu mpendwa,

Kwa masikitiko natangaza kuwa feni ya karakana imefariki leo saa nne na robo asubuhi, baada ya kuugua mlio kwa miaka kumi na moja. Imeacha jokofu kubwa moja na fundi mmoja. Wengine wote wazima. Hujambo huko? Kifua chako vipi? Wateja wakiniuliza unasomea nini, najibu: upepo. Wananipa pole.

Baba yako

19 Machi

Shikamoo Baba,

Mimi mzima, kifua kimepona. Pole kwa msiba. Ninachosomea ni hasa kuizika feni. Bomba la moto la jokofu hujifunika hewa kama mvivu na blanketi, joto lisitoke. Mimi natandaza mbele yake waya mwembamba kama unywele, naupa umeme mkali. Hewa iliyo karibu na waya inashika chaji, inalikimbilia bomba na kulivua blanketi. Hakuna kinachozunguka, hakuna mlio.

Ila kila nikiwasha, cheche inaruka, mtambo unazima. Profesa amenipa hadi mwisho wa Aprili. Nikishindwa, meza yangu anapewa mwingine nami narudi mikono mitupu. Sielewi, maana nafanya kila kitu kama ulivyonifundisha.

Mwanao

2 Aprili

Marahaba mwanangu,

Nimeshukuru kusikia kifua kimepona. Sentensi yako ya mwisho ndiyo iliyoninyima raha. Je, bado unafuta yale mapezi ya bati ya bomba kwa kitambaa kibichi kabla ya kuwasha? Nilikufundisha hivyo ukiwa na miaka tisa, umesimama juu ya kreti la soda. Kwa feni ni usafi. Kwa umeme mkali, tone moja la maji au uzi mmoja wa kitambaa ni daraja, na cheche haipendi kuzunguka. Tumia brashi kavu. Kosa ni langu, wewe umelibeba tu.

Baba yako

11 Mei

Shikamoo Baba,

Nisamehe kimya changu. Nilitaka niandike nikiwa na la kusema. Brashi kavu, cheche kwisha. Joto linalotoka limekaribia mara mbili. Meza bado ni yangu.

Profesa aliuliza nani aligundua kosa. "Fundi wa majokofu," nikamwambia. "Wa chuo gani?" "Cha kreti la soda." Hakucheka, aliandika. Ukurasa wa kwanza wa ripoti unakushukuru wewe, kabla yake yeye. Asante, Baba. Sikukuambia, lakini barua yako ilinikuta nimeshafunga sanduku.

Nakutumia ukurasa huo, pamoja na waya na kisanduku chake cha umeme vikae mahali pa marehemu. Usiviguse vikiwaka.

Mwanao

8 Juni

Marahaba mwanangu,

Mzigo umefika salama. Ukurasa nimeubandika ukutani. Mimi niliyeishia darasa la sita, natajwa kwenye kitabu chenye grafu! Nimewasomea majirani mpaka wanapita njia nyingine. Asante sana, mama.

Leo saa nne asubuhi nimefunga waya, nikapiga brashi kavu, nikabonyeza swichi mbele ya mashahidi saba. Ukimya ulioniahidi ni wa kweli; ungemsikia sisimizi akitembea. Fundi cherehani wa mlango wa pili amesema upepo unamfika shavuni. Mshona viatu amevaa koti. Tumekaa saa nzima tukikusifu.

Baba yako

Nyongeza: Kumbe umeme umekatika mtaa mzima tangu saa mbili asubuhi.