Sifa za Mchezo Ambao Sikuuona

Jumatatu, 3 Juni 1996. Homa Bay

Kosa la wengi ni kudhani kwamba mwongo ni yule tu anayeujua ukweli akauficha. Anayesifu asichokijua naye ni mwongo, hata bahati ikimwokoa. Nilifundisha hivyo darasani miaka thelathini. Asubuhi hii nimefanya kinyume.

Ilikuwa zamu ya safu yangu. Kila wiki mbili naandikia kijigazeti cha Otieno, niliyemfundisha zamani, habari za michezo ya televisheni. Unaunganisha mashine na televisheni, unashika kidude chenye vitufe, unapiganisha vikatuni. Watu hucheka kwamba mzee wa miaka sitini na sita anacheza. Nacheza. Nikimaliza naeleza nilichokikuta. Vijana wa Migori, Kehancha na Macalder hunisoma kwa sababu hiyo tu.

Lakini mchezo mpya, Ngumi za Chuma, haujafika. Salim, mfanyabiashara kutoka Lamu mwenye ukumbi wa michezo Migori mjini, anautarajia Jumamosi. Alinitumia karatasi ya tangazo. Wapiganaji arobaini. Sura kama watu hai. Damu inaruka. Nikaandika: "Nimeuona. Haujapata kuja mchezo kama huu upande huu wa ziwa."

Otieno akasema, "Mwalimu, leo umeandika kama kijana." Nikafurahi.

Alhamisi, 6 Juni

Gazeti limetoka. Salim amelibandika mlangoni pa ukumbi na kuazima televisheni tatu zaidi. Anaamini niliuona mchezo huo Kisumu. Sikumsahihisha.

Najitetea hivi. Sisi Wajaluo tuna pakruok. Mtu husimamisha muziki karamuni, akajisifu kwamba yeye ni ndovu wa Nyatike. Watu hushangilia, na hakuna anayekwenda kutafuta ndovu. Nami nimesifu tu.

Utetezi mbovu. Karamuni kila mtu anajua ni sifa. Gazetini nimeandika "nimeuona". Huo ni ushahidi.

Jumamosi, 8 Juni. Migori

Niandike kwa mpangilio.

Saa nane mchana ukumbi ulijaa hadi barabarani. Wachimba dhahabu wa Macalder walikuja na matope miguuni. Chacha, mkulima wa tumbaku kutoka Kehancha, bingwa wa ukumbi huo, alipewa nafasi ya kwanza. Mashine ikawashwa.

Wapiganaji sita. Wote sura moja, kaptura tofauti. Damu hakuna. Wakirusha ngumi wanapishana hewani.

"Mwalimu!" Chacha akaniita, watu wakicheka. "Hawa wako wanapigana ama wanatafuta miwani?"

Raundi ya pili picha ikaganda. Kicheko kikafa. Mtu akasema, "Mwizi."

Neno hilo halirudi nyuma. Benchi la kwanza lilivunja televisheni. La pili lilimvunja Salim taya. Nilisikia mlio wake, kama kuni kavu. Walimburuta nje kwa miguu, kichwa kikigonga ngazi. Mchimba dhahabu mmoja alimpiga mgongoni kwa mpini wa sururu. Mwingine alimkanyaga vidole, kimoja kimoja, bila haraka. Chacha alilibandua gazeti mlangoni akamsukumia mdomoni mlimojaa damu.

"Ulimwonyesha mwingine ukamdanganya hata Mwalimu wetu! Mzee wa watu!"

Walikuwa wanampiga kwa heshima yangu.

Nilikuwa hatua tano tu kutoka hapo. Nilikuwa na sauti iliyozoea kunyamazisha darasa la watoto sitini. Nilinyamaza mimi. Ukumbi ukawashwa moto. Polisi walipofika Salim alikuwa hana umbo.

Jumapili, 9 Juni. Homa Bay

Wamemlaza hospitali ya huku. Taya limefungwa waya. Jicho la kushoto limekwisha. Lile zima lilinitazama, nikatazama dirisha.

Zuhura, mkewe, anasema vijana wameapa akirudi Migori watamvika tairi na kumchoma. Duka lao liko kule. Watoto wao wako kule.

"Wewe wanakusikia, Mwalimu," alisema. "Waambie hakukudanganya."

Hajui anachoniomba. Anadhani ni jambo la kumtetea mumewe tu.

Jumatano, 12 Juni

Nimeandika sahihisho mara tatu. La kwanza lilisema "kulitokea hitilafu". La pili lilimlaumu mtengenezaji. La tatu lilisema kweli, Otieno akakataa kulichapa.

"Mwalimu, hapo ni kutuzika sisi wawili. Ngoja joto lipungue."

Halijapungua. Jana walipiga mawe nyumba ya Salim. Zuhura alikuwa amerudi kwa watoto. Jiwe lilimpasua kichwa juu ya sikio, mtoto mgongoni. Lingeshuka inchi mbili ningekuwa nimeua mama na mtoto kwa sentensi moja.

Mimi ni mwoga. Ijumaa chifu ana baraza Migori. Nitakwenda.

Ijumaa, 14 Juni. Migori

Nilisimama. Nikasema: "Sikuuona. Niliandika nimeuona, na sikuuona. Salim hakunidanganya. Mimi nilimdanganya yeye, na nyinyi."

Chacha akasogea mbele. Kijana mwenye adabu siku zote, hunipokea mkoba.

"Kwa hivyo mzee, tulivunja mtu bure?"

"Bure."

Alinipiga mdomoni. Meno mawili yalitoka pamoja. Nilipoanguka wengine waliingia na viatu. Ubavu ulilia. Naandika nikiwa nimeinama. Chacha aliyenipiga kwanza ndiye aliyenilalia mwili mzima kunikinga mpaka askari wa chifu wakawatawanya. Alikuwa analia sikioni mwangu na kunitukana.

Tairi halikutajwa tena.

Jumanne, 18 Juni. Homa Bay

Mvua tangu alfajiri. Napumua nusu nusu.

Zuhura alifungua duka jana. Hakuna aliyemgusa. Chacha na wenzake wanne wamekuwa wakiondoa mabati yaliyoungua ukumbini. Hawakumsalimu, wala yeye hakuwasalimu. Amewapelekea chai.

Jana hiyo hiyo nilikwenda hospitali. Nilimwambia Salim yote, pole pole, nikiwa na pengo langu. Alisikiliza kwa jicho moja. Kisha akageukia ukutani. Hajanisamehe, na sioni kwa nini anisamehe. Niliketi hadi wauguzi waliponiondoa.

Niliporudi, nilikuta Otieno amepita. Ameacha karatasi mezani: tangazo la mchezo mpya wa mbio za magari, utafika Kisii mwezi ujao. Amepigia mstari maneno "wa ajabu". Pembeni ameandika: "Nusu ukurasa tu, Mwalimu. Watu watasahau."

Watasahau, kweli. Ndiyo sababu.

Leo, kabla ya chakula cha mchana, nitamrudishia Otieno karatasi yake bila kuandika neno.