Kipima Vumbi Ndani ya Mfuko

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za mama. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo kwa baba mdogo, na kile kikohozi cha asubuhi kimekupa nafasi angalau ya kunywa chai kwa amani. Sisi huku hatujambo, ukiondoa macho yanayowasha na hasira niliyonayo tangu Jumatatu. Mama anasema kama umeamua kutopokea simu zangu ni shauri lako, lakini zake upokee, maana yeye na wewe hamjakosana. Ndiyo sababu naandika. Barua huwezi kuikata katikati, na ninakujua, wewe ukishika karatasi utaisoma hata ikiwa ni maelezo ya dawa ya mende.

Nianze na kazi, maana huko ndiko kunakonichosha. Banda letu la kuchambulia taka ni lile lile uliloliacha miezi miwili iliyopita. Magari yanaingia bila turubai na kumwaga vifusi na makaratasi kutoka juu, utadhani madereva wanashindania nani atapandisha wingu kubwa. Meneja ametundika kibao mlangoni kinachowataka waendeshe polepole wasitimue vumbi. Kibao chenyewe hakisomeki tena, kwa vumbi. Barakoa tumegawiwa, na kila mtu anayo: mmoja kaivaa kidevuni, mwingine kwenye paji la uso, na mama wa chai nimemkuta kwa macho yangu anaitumia kama chujio.

Na Mvua je, yule jamaa wa mpira wa maji? Bado ananyesha kwa msimu. Wiki nzima humwoni, halafu siku moja anafungulia bomba mpaka viatu vinabaki kwenye tope. Nimemweleza hadi nimechoka kwamba maji yanyunyizwe kama umande, kidogo kidogo, pale pale taka inapomwagwa, kabla mtambo wa kijiko haujaigusa. Ananijibu ndiyo dada, nimekuelewa dada. Kesho yake tope limekauka, magari yanalisaga, na sisi tunalivuta puani likiwa unga.

Haya yote unayajua, kwa sababu ndiyo uliyoyagombania. Siku ile ulipozima kijiko katikati ya banda, ukashuka na kumwambia meneja kwamba husukumi tena kifusi kikavu mpaka kimwagiwe maji, kwa kuwa kina mama wanaochambua kwenye mkanda unaopitisha taka hawaonani hata nyuso, na wewe mwenyewe unakohoa mpaka mbavu zinauma, nilikuwa nimesimama pale pale na daftari langu la vipimo. Meneja hakubishana na wewe. Alinigeukia mimi, akauliza kipima vumbi kinasemaje. Nikafungua daftari nikasoma. Miezi minne, ukiondoa wiki ya kwanza, kila siku taa ya kijani, hewa safi. Ukaniuliza mbele za watu kama nakiamini hicho kikopo kuliko macho yangu. Nami, mdomo wangu huu, nikajibu kwamba chombo hakina sababu ya kusema uongo. Watu wakacheka. Jioni ukapewa barua ya kusimamishwa kazi kwa uvivu na uchochezi, ukafunga begi, na mama mpaka wiki hii alikuwa akiwaambia majirani kwamba mwanawe amefukuzwa kwa ukaidi.

Sasa sikia ya Jumatatu. Fundi wa vipimo alitumwa na ofisi kuu kuja kukagua kile kipima vumbi, kama inavyotakiwa kila nusu mwaka. Meneja aliposikia anakuja, akaamuru banda zima lioshwe tangu alfajiri, ule upuuzi wetu wa kila akija mgeni. Fundi akaomba ngazi, akapanda kwenye ile nguzo iliyo nyuma ya mkanda. Akainama kukichungulia. Halafu mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani vumbi limempata, kumbe anacheka. Akashuka na mfuko wa plastiki mkononi, ule mwembamba mweupe ambao ukiwa chini huwezi kuuona. Akamweleza meneja taratibu, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu, kwamba chombo kile huvuta hewa kwa tundu la mbele, na kwa miezi sita kimekuwa kikipima hewa ya ndani ya mfuko. Akasema hewa hiyo kwa kweli ni safi sana, na akatupongeza.

Meneja alipandwa na mori. Akatukusanya wote, akataka kujua nani kafanya hujuma ile. Basi akamvamia Mvua, kwa hoja kwamba ngazi anaitunza yeye, na kwamba taa ikibaki kijani anayefaidi ni yeye, maana hatakiwi kunyunyiza. Mvua hakujitetea. Alinitazama mara moja, akainamisha kichwa. Meneja akampa mpaka Jumatano awe amekiri, la sivyo akatafute kazi kwingine.

Kaka, kama umesimama, kaa. Mfuko ule niliufunga mimi.

Sikuufunga kwa hila. Unaijua nyumba tuliyokulia. Rimoti iko ndani ya plastiki yake tangu ilipotoka dukani, namba hazionekani tena lakini ole wako uivue. Viti vya wageni vina plastiki, mtu akikaa vinalia mpaka anaona haya. Meneja aliponikabidhi kipima vumbi alisema ni kitu cha thamani na kikiharibika nitamtambua yeye ni nani. Wiki ya kwanza taa ikawa nyekundu kila siku. Nikapanda nikakikuta kimejaa vumbi usoni, nikadhani kinalalamika kwa uchafu. Nikakihurumia. Nikakivalisha mfuko, nikaubana na mpira wangu wa nywele. Taa ikatulia kijani, na mimi nikafurahi kama mtu aliyemwogesha mtoto akanyamaza. Tangu hapo kila Jumamosi Mvua alinishikia ngazi, nami nikapanda kuuvua mfuko, kuuosha kwa sabuni, kuukausha kwa kitambaa na kuurudisha. Kila Jumamosi, kaka! Nilikuwa naosha vumbi kwenye mfuko wa kipima vumbi, kisha nashuka kuandika kwamba vumbi hakuna. Nimewatukana watu wote wa banda lile katika barua hii, na hakuna hata mmoja aliyefanya upumbavu wa kufikia huu.

Siku mbili nilinyamaza huku Mvua akibebeshwa kosa langu. Nakutajia hizo siku mbili kwa sababu nikizificha utadhani nilikuwa mwema kuliko nilivyokuwa. Jumatano asubuhi niliingia kwa meneja, Mvua akiwepo, nikasema yote. Meneja aliniuliza kama kweli nilikwenda shule. Mvua yeye alisema tu kwamba alidhani ndivyo chombo kinavyotumika, kwa kuwa dada ana daftari na anajua anachokifanya, na kwamba alikuwa akinisubiri niseme mwenyewe.

Chombo kimerudishwa nguzoni kikiwa uchi, na taa iligeuka nyekundu kabla fundi hajashuka ngazi. Haijatoka nyekundu mpaka leo. Fundi amesimamisha mkanda mpaka yawekwe mabomba ya kunyunyiza juu ya sehemu ya kumwagia, kama ulivyotaka wewe tangu mwanzo. Ndani ya bahasha hii utakuta barua ya meneja ya kufuta kusimamishwa kwako. Nilisimama mezani kwake akiichapa kwa kidole kimoja, nikamfanya aandike wazi kwamba hukuwa mvivu wala mchochezi. Unatakiwa kuripoti Jumatatu ijayo. Daftari nimenyang'anywa, nimepangiwa mpira wa maji pamoja na Mvua.

Lakini kinachoniumiza si daftari. Chumba chako na changu vinatenganishwa na ukuta mmoja. Kila asubuhi nilikusikia ukikohoa, nikajifunga kitambaa kichwani, nikaenda kuandika hewa safi. Niliuamini mfuko, nikakukana wewe mbele za watu. Naona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani. Nisamehe, kaka. Na ukishindwa kunisamehe, bado rudi kazini. Ukipenda usinisemeshe, nitanyunyiza maji mbele ya kijiko chako kimya kimya.

Mama nimemweleza. Amelia, halafu amejitanda khanga na kwenda kwa majirani wale wale, mlango kwa mlango, kuyarudisha maneno yake.

Msalimie baba mdogo na wote wa nyumbani kwake, uwashukuru kwa kukutunza. Jambo moja la mwisho. Siku uliyoondoka mama alilifunika godoro lako kwa plastiki, lisishike vumbi mpaka urudi. Leo nimeivua plastiki hiyo na kutandika shuka. Mama alisimama mlangoni akinitazama, na hakunikataza.

Mimi mdogo wako,
Mshika mpira wa maji