Waliomkumbuka Bibi Baada ya Magoli

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Huku Katubuka hatujambo, shangazi yako amejifungua salama.

Unauliza uchezee Ireland ulikozaliwa au Tanzania kwetu. Ujanani, nilipoanza kufunga magoli, walikuja watu wa timu ya kijiji cha Mwamgongo na kapu la samaki, migebuka. Wakadai bibi yangu alizaliwa kwao, kwa hiyo mimi ni mchezaji wao. Nikawauliza, "Mbona kwenye matanga yake hamkuonekana?" Wakaliacha kapu, wakaenda zao. Samaki nilikula, kucheza sikwenda.

Jana mabwana wawili wa mpira wa Tanzania waliniletea sukari, wakitaka cheti changu cha kuzaliwa wathibitishe kuwa wewe ni wa kwetu. Sijawapa. Hao wa Ireland nao siwaamini.

Kabla hujasaini popote, jifanye umeumia mguu, uone nani atakupigia simu.

Babu yako, ambaye atapiga.