Bwana Mimi Amepewa Uongozi

Ghorofa ya tatu, chumba cha nyuma,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Dada,

Salamu tele kutoka kwa mdogo wako huku mbali. U hali gani, na mgongo je? Shemeji alinipigia simu akasema umeinamia tena cherehani mpaka ukashindwa kunyanyuka. Tafadhali pumzika, nguo za watu hazitatoroka. Mimi mwili ni mzima kabisa. Roho ndiyo inayougua, na kwa kuwa ni wewe nautaja ugonjwa wenyewe bila haya: wivu.

Unamkumbuka yule mwenzangu ninayekaa naye meza moja, niliyempa moyoni jina la Bwana Mimi? Pale ofisini tuko watu sita, tunaandika programu za kompyuta, na kila mmoja ana nchi yake na namna yake ya kusalimia. Yeye husema "mimi" asubuhi, "mimi" mchana, na akipiga chafya nadhani ni "mimi" pia. Sasa amepewa uongozi wa timu mpya. Uongozi ule niliutaka mimi, Dada. Niliutaka mpaka nikawa naota nimekalia kiti chenyewe.

Nikueleze ilivyoanza. Hospitali moja hutumia programu yetu kuwapangia wagonjwa miadi. Ikawa wagonjwa wawili wanafika kwa daktari mmoja saa ileile, kila mmoja ana simu inayosema nafasi ni yake, na wanaotukanwa ni wauguzi. Wenzangu walilitafuta kosa wakachoka. Mimi nililing'ang'ania mpaka nikalipata: watu wawili wakibonyeza kwa pamoja, programu ilikuwa inawakubalia wote. Nikairekebisha. Bwana Mimi alinisaidia kujaribu tu, alasiri moja, yeye akibonyeza huku na mimi kule.

Jumatatu moja, yapata mwaka sasa, bosi wetu, mama mmoja wa maneno machache, akasema mbele ya wote kwamba amesikia nimelitatua lile tatizo. Unajua tulivyolelewa. Nikashusha macho, nikasema, "Aa, mimi sijafanya kitu. Ni kazi ya wote, hasa mwenzangu huyu." Nikangoja mtu apinge, kama ambavyo ninyi nyumbani mngepinga na kunisukuma mbele. Hakupinga mtu. Bosi akamgeukia yeye, naye akakaa sawasawa akasema, "Asante sana. Nilijitahidi kwa kweli."

Tangu siku ile hata akikohoa nasikia majigambo. Bosi akisimama kando yake, masikio yangu yanahamia huko na kazi yangu inalala. Aliletewa skrini mpya. Nikajiambia yangu inanitosha, kisha alipokwenda kula nikaipima yake kwa shibiri. Nikajifariji kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nikakaa nikingoja alitie maji. Hakulitia! Anafanya kazi vizuri, na hilo ndilo linalonikera zaidi. Mama alizoea kutuambia kwamba chema chajiuza. Huku chema kisipojitembeza kinabaki rafuni kinapigwa na vumbi.

Ijumaa hii iliyopita bosi akalitangaza jina lake. Nilipiga makofi kuliko wote ili uso wangu usisomeke. Watu walipotawanyika akavuta kiti chake akaketi karibu nami. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba alikwisha kumwendea bosi mara mbili kumweleza kuwa kazi ile ilikuwa yangu. Mara zote mbili bosi alimjibu kwamba mimi mwenyewe niliikana mbele ya watu, na kiongozi asiyeijua kazi yake mwenyewe atazijuaje za wengine?

"Nilidhani uongozi huutaki," akasema.

Maneno yakanitoka kabla sijayapima. "Niliutaka. Niliutaka sana."

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Basi si ungesema?"

Dada, nilikuwa nimemwekea mtu huyu chuki ya mwaka mzima, na sasa sina pa kuipeleka. Angeniibia, ningepata usingizi. Bado wivu unanila, hata ninapokuandikia, na yeye mwenyewe hajanikosea lolote.

Nisalimie Shemeji, na umfinye shavu yule mtundu wako wa mwisho. Baba mdogo mwambie miwani yake ninayo, nitaituma na mtu wa kuaminika. Mungu akunyooshe mgongo na akuletee wateja wasiobadili vipimo kila wiki.

Mama mpe salamu zangu, ila habari hii usimwambie. Atasema nilijibu vizuri, kama mtoto aliyelelewa, na sifa hiyo sitaki kuisikia.

Ni mimi, wako akupendaye hata roho ikiwa chafu,

Mdogo wako.