Sinia la Jua na Kiko cha Haboba Paska

Jumanne, 14 Januari 1975

Sinia limefika! Shemeji Yakubu, fundi bati, amelileta toka Arua juu ya lori la tumbaku. Bati kubwa lililobonyea kama ungo, ndani kabandika vipande vya kioo. Unalielekeza juani, mwanga wote unakusanyika mahali pamoja, hapo unaweka sufuria. Maji yalichemka! Bila kuni, bila moshi. Nilicheka kama mjinga.

Yakubu kasisitiza: ukimaliza kupika, funika na gunia. Kila mara. "Jua linatembea, shemeji, na moto wake linatembea nao."

Mama Kulusum, mama mkwe wangu, alilizunguka, akasema chakula bila moshi ni chakula cha mgonjwa. Halafu: "Sadiya, sasa jua iko mpishi yako. Na mwezi je, ataosha vyombo?"

Acheke tu. Dispensari wamesema moshi ndio unamkaba mwanangu Amandu kifua.

Ijumaa, 17 Januari

Amandu analala bila kukohoa! Niliweka sikio kifuani — hakuna filimbi. Alhamdulillahi. Mume wangu Asuman akirudi kutoka kambi ya jeshi hatamjua mtoto wake.

Ubaya pia upo, niandike ukweli. Jana mawingu yalikuja, maharage yakabaki kokoto. Ugali hausongeki, mwanga unachoma macho. Chai ya alfajiri ndiyo kabisa — jua bado liko kwake. Wingu likipita, Mama Kulusum anafurahi.

Haboba Paska, bibi wa boma la jirani, alikaa nami kutazama, kiko mdomoni. Mtu wa Lurujo, Mkristo, hakujaliwa mtoto. Amandu akimwona ananyoosha mikono. "Jua yako haina majivu," alisema. "Mimi nitasugua sufuria na nini?"

Jumapili, 19 Januari

Ghala ya simsim imeungua. Mbegu yote ya Mama Kulusum. Zilishika kwanza nyasi za kuezekea, zile tulizopanga uani.

Wanasema ni kiko cha Haboba Paska.

Siwezi kuandika.

Jumatatu, 20 Januari

Naandika.

Jana Amandu alisinzia mgongoni kwangu. Ardhi ilikuwa ya moto, nikachukua gunia la sinia nikamlaza juu yake, kivulini. Nikasema nitalirudisha sasa hivi. Nikamwomba Haboba amtazame, nikaenda kisimani. Mimi ndiye niliyemwita aje uani!

Sinia lilibaki wazi karibu na nyasi. Jua likatembea.

Niliporudi nilikuta moshi. Haboba alikuwa amembeba Amandu mbali, anaita watu. Na mimi? Jambo la kwanza — niliokota gunia, nikafunika sinia. Ndipo nikapiga kelele.

Mwenyezi Mungu aliona mikono yangu.

Jumatano, 22 Januari

Kikao uani kwetu. Wani, mtoto wa kaka yake Haboba, alimsimamia kama askari. Haboba alikataa mwanzo. "Kiko yangu ilikuwa hapa, mdomoni!"

"Mdomo hauna meno, utashika kiko na nini?" Wani akasema. Watu wakacheka.

Haboba hakucheka. Akasema pole pole: "Au nilikung'uta majivu? Mimi iko mzee. Labda nilikung'uta." Akamgeukia Mama Kulusum, akaomba msamaha.

Mama Kulusum alilia. Wamechota maji pamoja tangu usichana wao. Akamgeuzia mgongo.

Wani akavunja kiko, akaenda kumwagia maji mafiga ya Haboba. Tangu leo hakuna moto kwa Haboba. Wani ndiye atakayemletea chakula.

Nilikuwa nagawa chai. Nikisema, sinia litavunjwa palepale, na kifua cha Amandu kirudi kwenye moshi. Nisiposema... Nilifungua mdomo. Nikauliza nani bado hajapata chai.

Ijumaa, 24 Januari

Wani hajaleta kitu tangu jana. Nilimpelekea Haboba bakuli la maharage. Aliniombea dua ndefu, ya kikwao. Nikakimbia kabla hajamaliza.

Amandu hakohoi. Hata furaha hiyo sasa inanichoma.

Jumamosi, 25 Januari

Haboba amekuja mwenyewe na sufuria yake ndogo, maharage ndani, ameshayaosha. "Nipikie na jua yako, mwanangu. Hii haichomi nyumba ya mutu."

Nimeondoa gunia. Nimeelekeza sinia. Ameketi palepale palipokuwa na nyasi, Amandu mapajani, mtoto anampapasa midomo kutafuta kiko. Mama Kulusum yuko upande wa pili anatwanga, hajamsalimu.

Tukakaa. Jua likatembea, mwanga ukateleza toka kwenye sufuria hadi chini. Kulikuwa na makapi. Uzi mwembamba wa moshi ukapanda — mimi niliuona, na Haboba aliuona. Alitazama makapi. Akatazama sinia. Akanitazama mimi, muda mrefu, bila hasira. Afadhali angekuwa na hasira! Kisha akaweka unyayo wake juu ya makapi, akazima.

Nikasema naingia kutafuta chumvi. Naandika nimesimama, chumvi iko mkononi.

Nje kutwanga kumekoma. "Paska," Mama Kulusum anamwita, mara ya kwanza tangu siku ile. "Hiyo moshi inatoka wapi? Umewasha tena?"

 Namwona Haboba kwa upenyo wa mlango. Anambembeleza mwanangu, macho yake yako hapa mlangoni, ananingoja nijibu mimi.