Kichujio cha Zamu

Jumanne, 20 Agosti 2024

Nimehesabu mara tatu. Nyumba thelathini zenye kichujio changu cha maji, cha udongo: visa 70 vya kuhara kwa watoto, katika majuma kumi na mawili. Nyumba thelathini zisizo nacho: visa 68. Yaani hakuna kitu! Mwaka mzima wa kuchimba udongo, wa kuokota pumba za mpunga za kuchanganya nao, nyuma ya mashine ya kukoboa kabla hawajazimwaga mto Lukuga, wa tanuru la mfinyanzi Moustapha lililopasuka mara mbili. Na kichujio changu kimeshindwa na ndoo ya kawaida.

Nimempigia Profesa Onésime, Lubumbashi, anayesimamia utafiti wangu wa udaktari. Sauti ya upole, ile nisiyoipenda. Kasema niandike hivyo hivyo, jibu la hapana nalo ni jibu. Lakini shirika lililolipia tanuru litachukua vichujio vyote: haiwezekani kuwaachia akina mama chombo kisichowakinga. Lori linakuja Jumatatu, tarehe 2. Vitapondwa, ndivyo mkataba unavyosema.

Yuko sahihi. Nimekasirika hata hivyo.

Jumatano, 21 Agosti

Nilichukua pikipiki hadi kwenye avenue yetu ya utafiti, mtaa wa nyumba zote sitini, nipige picha za mwisho. Nimeanza kwa Mama Mwavita, yule aliyeruka kwa furaha mwezi wa tano mkono wake ulipotoa karatasi yenye alama ya kupata kichujio kwenye beseni la kura. Kigoda cha kichujio kipo. Kichujio hakipo!

— Iko kwa Aisha, jirani. Ni juma yake.

Kanieleza bila aibu, huku akipaa samaki. Siku ile ile ya kura, kila nyumba iliyopata ilishikana na nyumba iliyokosa. Wamefanya likelemba, kama wanavyofanya kwa sufuria kubwa za sherehe: juma hili kwako, juma lijalo kwangu. Avenue nzima. Tangu siku ya kwanza.

— Watoto ya Aisha wanakula kwangu, na wangu wanakula kwake. Nifunge filtre na kufuli? Mama Assistant, na weye uko mama.

Nikamuuliza kwa nini hawakuniambia. Akaacha kisu.

— Tulisema kila juma. Papa Théophile alikuwa anaandika.

Alhamisi, 22 Agosti

Théophile ndiye mtu wangu wa takwimu, ndiye aliyezunguka na fomu. Swali la tisa: juma hili mmekunywa maji ya kichujio? Mama asiye na kichujio akijibu ndiyo, Théophile alikata, akaandika hapana. Mwenye nacho akijibu hapana, alikata, akaandika ndiyo. Mamia ya majibu.

Nilitaka kumrarua. Alifungua simu tu, akanionyesha ujumbe wa tarehe 4 Juni: "Jibu likipingana na liste yetu ya nyumba, sahihisha. Wamama wanachanganya."

Ujumbe wangu. Mimi, assistant wa chuo, mwenye diploma ukutani.

Nimeona aibu kiasi cha kushindwa kumwangalia. Wanawake sitini walisema kweli kila juma, na mimi niliamuru kweli yao ifutwe kwa sababu haikuingia kwenye jedwali langu.

Jambo moja: alikata kwa kalamu ya bic, mstari mmoja mwembamba. Jibu la kwanza linasomeka chini yake.

Jumapili, 25 Agosti

Sikwenda misa. Fomu 720 ziko sakafuni, nimezikandamiza kwa mawe upepo wa ziwa usizipeperushe. Mama Mwavita ameleta daftari la zamu, la shule, lenye jalada la bluu. Majina mawili mawili, na duara kwa nyumba iliyolala na kichujio juma hilo. Hajakosa juma hata moja. Laiti ningemwajiri yeye!

Théophile amekuja bila kuitwa. Hatukuzungumzia ya juzi. Yeye anasoma, mimi ninapanga. Safari hii hatulinganishi nyumba na nyumba ya jirani: tunalinganisha kila nyumba na yenyewe, juma lake lenye kichujio na juma lake bila. Majibu yaliyokatwa yanalingana na daftari, isipokuwa kumi na moja.

Saa kumi alasiri. Majuma yenye kichujio: visa 41. Majuma bila: 97.

Tumerudia. 41 na 97.

Nililia kidogo. Théophile alikwenda kuangalia pikipiki yake, ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Jumatano, 28 Agosti

Nimemwambia Profesa yote. Nilianza na ujumbe wa tarehe 4 Juni, maana ningeuacha mwisho nisingeusema. Akauliza kama ninajua kwamba jury ya udaktari inaweza kutupa kazi nzima. Ninajua. Fomu zimebadilishwa kwa amri yangu, na hilo halina namna ya kulipamba.

Hatamwandikia mtu yeyote wa shirika kabla ya kushika daftari na fomu kwa mikono yake. Ndege yake ya kuja hapa ni Alhamisi, tarehe 5.

Nimekwenda biro ya shirika, nimeomba lori lichelewe siku tatu. Wamekataa, limeshapangwa. Karatasi waliyo nayo inasema hakuna tofauti, na imesainiwa na mimi.

Sawa. Nitakuwepo lori likifika.

Jumatatu, 2 Septemba

Ninaandika kwenye kigoda cha Mama Mwavita. Kiko wazi, bila kichujio, maana zamu imebadilika leo asubuhi kama kila Jumatatu. Hakuna aliyeficha kitu.

Dereva, Papa Dédé, alifika saa tatu na liste yangu ya nyumba thelathini. Ya kwanza, hakuna. Ya pili, hakuna. Kufikia ya kumi alikuwa anaingia bila kubisha hodi. Vyote viko kwa wale wengine, ambao hawamo kwenye karatasi yake. Akarudi kwangu akitoka jasho.

— Mama Assistant, filtre ziko wapi?

Daftari lilikuwa ndani ya mkoba, chini ya kwapa langu. Njia rahisi ilikuwa kusema sijui. Lakini nimeshasahihisha majibu ya kutosha mwaka huu. Nikamwambia: ninajua ziko wapi, zote thelathini, na sitakuonyesha kabla ya Alhamisi.

Akampigia chefu wake. Aisha akamletea maji, yale ya kichujio, yanakaa baridi. Alikunywa na simu sikioni, akarudisha kikombe aongezewe. Siogopi, au naogopa, lakini siondoki.

Chefu anapiga kelele, tunamsikia wote. Dédé ameweka mkono juu ya simu.

— Anauliza nani anakatala. Niseme jina gani?

Nimefungua kinywa, Mama Mwavita amenitangulia. Ametaja jina lake, lote, na la baba yake. Kisha Aisha. Kisha mama wa nyumba ya tatu, kutoka uani, mikono ina sabuni. Wanakwenda kwa mpangilio wa daftari, wawili wawili.

Dédé hana karatasi nyingine. Amegeuza liste yangu, anaandika nyuma yake. Amefika jina la kumi na tisa, na bic yake imeisha wino. Ninampa hii yangu.