Masika Alizikwa Ndani ya Televizyo

Senga Rehemah wa redio, shangazi wa kutupatia shauri, mupendwa wetu, salamu zangu zitoke Bwera zikukute muzima. Naomba musaada. Mimi ni Yunia, mujane, kalamu sijui kuishika, kwa hiyo anaandika Naswiba, jirani yangu mwenye duka ya vitenge huku karibu na mupaka, mimi nasema yeye anaandika, na nimemukataza kukata maneno yangu hata kama iko mingi.

Shida ni ya mujukuu wangu Masika Jolly. Wewe unamujua, hata kama hujui jina sura unaijua, njo ule musichana wa drama ya televizyo ya Kampala, ule nesi mwenye macho makubwa, na hiyo macho ni yangu. Baba yake alikuwa mutoto wangu, Mungu alimuchukua, mama yake akaolewa kwingine, basi mimi njo nilimulea kule Kyondo mbele ya kuhamia Bwera, kule mulimani kwa kahawa, kwenye hata mbuzi anatembea kwa akili, na kule kanisani njo kazi yake ilianzia.

Alikuwaka mudogo, meno ya mbele imeng'oka. Kanisa ilitaka kucheza hadithi ya binti ya Yairo, ule mutoto alikufa na Yesu akamufufua. Watoto bengine baliogopa kulala kwa mukeka kama maiti, Masika akasema, mimi nitakufa. Yesu alikuwa Blasio, mudogo wa marehemu bwana yangu, juu yeye njo murefu na shuka yake ilikuwa nyeupe kushinda za wengine. Basi Blasio akamushika mukono akasema, "Mutoto, amuka." Mutoto kimya. Akasema tena. Kimya. Senga, watu bakaanza kulia ya kweli, Blasio jasho inamutoka, akasahau Biblia yote, akapiga magoti akamubembeleza kwa Lhukonzo yetu, amuke tafazali, nyumbani kuna ndizi ya kuiva. Njo akafungua macho. Kanisa ikapasuka na vigelegele. Nyumbani nikamuuliza juu ya nini ulikawia, akaniambia, "Mukaka," njo vile kwetu tunaitaka bibi, "kama ningeamuka haraka hawangefurahi." Mutoto hata meno haina! Blasio alikuwa amemubeba kwa mabega njia yote, kila mutu mwenye alikutana naye anamwambia, huyu ni wetu.

Kutoka pale hakusimama. Shule ikimupeleka kucheza Kasese, analeta kikombe. Halafu watu ba sinema bakakuja Ibanda, kwa barabara ya kupanda mulima, beko natafuta mutoto wa kubebwa na mafuriko, bakamuchukua yeye. Maji inamubeba, mama yake wa sinema analia, na mwisho banamukuta chini kwenye muto anatapika maji, muzima kabisa. Tulienda kuiona Kasese mujini, mimi nikasimama katikati ya watu nikasema huyo mimi njo nilikuwa naosha, mutu moja akasema, mama, kaa, tunataka kuona. Nilikaa, lakini nilikaa kama muke wa mufalme.

Akakua. Watu banasema mutoto wa sinema akikua banamusahau, na ni kweli, kulikuwa muda sura yake ilikuwa si ya mutoto tena na si ya mama bado, hakuna mwenye alimuita. Yeye akakaa kwa jumba ya michezo kule Kampala, anashona nguo za wenzake, anapewa kupita jukwaani na mutungi bila neno hata moja. Niliona ule mutungi. Aliubeba vizuri kushinda wenye walikuwa nasema. Halafu televizyo ikamuita, akawa nesi, na sisi hapa jioni ikifika tunajaa kwa Naswiba kama misa.

Sasa nafika kwa shida, Naswiba ananiangalia vibaya. Mwaka huu ule nesi alikufa. Bakamutia kwa sanduku, bakachimba shimo, udongo ikamwagwa, na kwa musalaba bakaandika Masika, juu drama ilitaka jina ya nesi Mukonzo, mutu wa kabila yetu, na Jolly aliwaambia kwetu musichana wa kwanza ni Masika, hakuna kufikiri mingi. Naswiba alilia, na asubuhi ile ile alikuwa ameongea na Jolly kwa simu. Blasio hakulia. Alichukua kofia yake akatoka. Kesho yake akakuja akasema Jolly, mutu mwenye ameangukiwa na udongo, jina lake kwa musalaba, hataingia kwa kiwanja chetu mupaka achinjiwe mbuzi na aoshwe na maji ya majani, na bila hivyo yeye Blasio hatamutoa kwa wageni.

Na wageni banakuja, Senga. Disemba, watu ba Kathembo, kijana wa Bulembia mwenye anamuoa. Baba hayuko, Blasio njo wa kumutoa. Nikamupigia Jolly simu nikamwambia yote. Akasema, "Mukaka, bakiniosha, beko naosha kazi yangu kama uchafu. Basi nitaolewa Kampala, mutaniona kwa simu."

Kwa simu! Mimi mwenye nilimufundisha kutembea. Mutoto iko na haki, na Blasio hakuna ubaya kwa roho yake, na mimi mwenyewe, nisikudanganye, ule udongo uliniogopesha kidogo. Sasa nani kati yao nimwambie anyamaze?

Yunia, Bwera


Mukaka Yunia, barua yako nimeisoma hewani na fundi wetu wa mitambo amecheka karibu azime redio. Hongera kwa huyo mtoto. Sasa kaa, nikugombeze.

Maneno ya Blasio uliyapeleka kwa Jolly yakiwa ya moto, hata hukuyapoza. Mkubwa wa nyumba habebi makaa kwa mkono. Halafu unaniuliza nani anyamaze. Hakuna wa kunyamaza hapo, hasa Blasio. Wewe mwenyewe umeandika kwamba Naswiba alilia na yeye hakulia. Mwenye hakulia ndiye bado yuko na msiba.

Mimi ni Mwislamu, hadithi ya Yairo umenifundisha wewe, lakini naiona vizuri kuliko unavyoiona. Kanisani mtoto alikufa, Blasio akamwamsha. Kwa mto mlidhani amekufa, mkamwona anatapika maji. Kwa televizyo wamemfukia, wakapiga wimbo, wakaleta tangazo la sabuni. Nani alimwamsha? Huyo mzee ameachiwa maiti ya mtoto wake, na mnataka asimame mbele ya wageni acheke. Kuhusu jina, mwambie Masika wamejaa kila kilima. Kama msalaba wa mmoja ungeua wengine, Bwera ingebaki na wanaume peke yao.

Fanya hivi. Nenda kwa Blasio kwa miguu yako, simu uiache. Siku ya wageni Jolly asimame nje ya kiwanja. Maji ya majani hapana. Blasio avae ile shuka, hata kama panya wameionja, atoke amshike mkono, aseme yale maneno yake ya zamani mbele ya watu wa Kathembo. Mbuzi mchinje, lakini Jolly akishaingia, na mmle na chumvi kama watu wenye furaha. Wewe simama karibu, na safari hii hakuna atakayekuambia ukae.

Na Jolly, najua unasikiliza. Mzee akisema mara ya kwanza, usikimbilie kuingia. Hata ya pili. Akisahau Biblia na kuanza kukuahidi ndizi, ingia.